Unarudi Garsen na Vyombo Vyako? Anza na Karatasi

Wana wa Tana River walioko Jeddah, Doha, Muscat na kwingineko wanaporudi nyumbani moja kwa moja, huwa na mali waliyoichuma kwa jasho: friji, mashine ya kufulia, magodoro, vyombo vya jikoni, pengine na gari. Mzigo huo unakwenda Garsen, Ngao, Tarasaa au Hola, lakini mambo yake huamuliwa Mombasa, mbele ya afisa wa forodha wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Anayefika pale akiwa amejipanga hutoa vyombo vyake bila ushuru. Asiyejipanga huanza kulipa siku ambayo mshahara wa ughaibuni umeshakatika.

Sheria inayohusika ni ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika Uganda na Tanzania. Jedwali lake la tano linatoa msamaha wa ushuru kwa anayehamisha makazi yake kweli. Neno la kushika hapa ni "anayehamisha". Msamaha ni wa mtu, haukai ndani ya kontena. Ukimtumia mama friji Minjila nawe bado uko kazini Riyadh, hiyo ni bidhaa inayoingia nchini kama bidhaa nyingine, na ushuru wake utalipwa hata kama ni zawadi ya mzazi.

Kinachosamehewa

Nguo zako zimo, pamoja na vitu vya nyumbani ulivyokuwa ukivitumia kule ulikoishi. Friji uliyoitumia mwaka mzima ina haki hiyo. Friji tatu ambazo katoni zake hazijafunguliwa zitamfanya afisa aulize duka liko wapi, kwa sababu mali ya biashara haimo kabisa kwenye msamaha.

Dada zetu wanaotoka Ghuba waangalie mambo mawili hasa. Vitambaa vya jora havisamehewi, hata ukisema ni vya kushona sare za harusi ya familia. Manukato nayo yana kipimo: nusu lita kwa jumla, na ndani yake marashi makali yasizidi robo. Sabuni na vipodozi vyenye zebaki ni marufuku kuingizwa, kwa hiyo viacheni huko huko.

Gari lina masharti yake

Mwenye gari awe ametimiza miaka 18. Awe ameishi nje miaka miwili au zaidi, na katika miaka hiyo miwili ziara zake za Kenya zisizidi siku 90 zikijumlishwa. Gari liwe lake kwa jina, naye awe amelitumia miezi 12 kabla ya kurudi, bila kuhesabu muda wa meli. Lisiwe limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Magari ya Ghuba na Marekani yana usukani wa kushoto. Ndiyo maana utaratibu unamruhusu mwenye gari la namna hiyo aliuze kule, kisha alete la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile la kwanza.

Siku zinahesabiwa

Mzigo usiosafiri nawe unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu ulipowasili. Kamishna wa forodha anaweza kukuongezea muda, lakini usipite siku 360. Kwa hiyo usipande ndege kabla hujajua meli inaondoka lini.

Pasipoti ya zamani usiitupe, kwani mihuri yake ndiyo inayoonyesha ulikaa nje kwa muda gani. Weka pamoja kibali cha ukaazi, barua ya kumaliza kazi, risiti za vyombo, PIN ya KRA na orodha ya kila kitu kilichomo kwenye mzigo. Wengi wetu husafirisha kwa kontena ya kuchangia. Hakikisha hati ya meli inayohusu mzigo wako imeandikwa jina lako, na orodha yako isichanganywe na ya wengine. Jina likiwa la wakala peke yake, itakuwa kazi ngumu kuthibitisha kwamba vyombo ni vyako.

Hasara ya kukosa msamaha ni hii. Chukua bidhaa ya shilingi 100,000, nauli na bima 20,000. Ushuru unapigwa kwenye 120,000, siyo kwenye bei ya dukani. Kwa asilimia 25 ni 30,000. VAT ya asilimia 16 juu ya 150,000 ni 24,000 nyingine. Hapo ni 54,000, na bado tozo nyingine hazijaongezwa. Wakati karatasi zinatafutwa, gharama za bandarini nazo zinapanda.

Kutoka bandari ya Mombasa hadi Garsen

Bado kuna zaidi ya kilomita 200 za barabara kupitia Malindi. Novemba 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Mbogolo kwenye barabara hiyo, na magari ya Garsen na Lamu yakakwama. Ukiweza, panga mzigo ufike nje ya msimu wa mvua, na nyumbani watafute mahali palipoinuka pa kuuweka, maana mto Tana tunaujua. Walioko Marekani wakumbuke pia kwamba vyombo vya kule ni vya volti 120, na umeme wetu ni 240. Kuna vyombo ambavyo ni afadhali kuviuza huko.

Ndugu zangu, msamaha huu ni haki yetu kisheria, wala si fadhila ya kuombewa na mtu anayejuana na mtu bandarini. Atakayekuomba pesa ili "akupatie" msamaha, mwambie karatasi unazo. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, mpe orodha yako mapema, na kila malipo yawe na risiti. Kazi hii ianze mwaka mmoja kabla ya kurudi, siku unapoandikisha gari kwa jina lako na kuweka risiti ya kwanza ya friji.