Pistoni ya Huku, Konrodi ya Kule

Marehemu baba yangu, Mola amrehemu, alituachia Peugeot 404, gari iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Mimi nikaitamania nguvu zaidi. Nikanunua krenki na konrodi kuukuu za 504 ya lita 1.8, nikanuia kuzivisha pistoni zile zile za baba. Matundu ya injini zote mbili yana upana wa milimita 84. Basi pana ubaya gani?

Fundi wangu pale Mwembe Tayari alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, upana umeupima. Na mwendo je?"

Pistoni ya 404 hupanda milimita 73, ya 504 milimita 81. Nusu ya tofauti hiyo, milimita 4, lazima ipunguzwe mahali: ama kwenye urefu wa konrodi, ama kwenye kimo cha pistoni juu ya pini yake. Usipoipunguza, pistoni itapanda kupita kiasi na kugonga kichwa cha injini. Tena konrodi zote nne sharti zilingane uzito, la sivyo injini hutetemeka mpaka chuma kikatike na kutoboa bloku.

Tukazitia mizanini. Moja ilikuwa nzito kuliko wenziwe.

Fedha zangu zilipotea, lakini injini ya baba ilisalimika. Nilirudisha vyuma vyake vyote mahali pake. Amana hutunzwa kwanza, ndipo ikapambwa.