Silaha Mkononi, Silaha Kabatini: Sheria Inavyomtazama Mkaazi na Mgeni

Siku ya tatu ya Idi, picha iliingia katika kundi la simu la ukoo mmoja wa hapa Mombasa. Kijana wa nyumba hiyo, aliyepelekwa Marekani kusoma kwa fedha zilizochangwa na ami zake na wajomba zake, amesimama katika uwanja wa kulenga shabaha, vifaa vya kuzuia kelele masikioni, bunduki ndefu begani. Mashangazi wakajibu kwa "mashaallah". Mabinamu wakaomba picha nyingine. Ni bibi yake peke yake aliyeuliza: "Huyu ana ruhusa ya kushika kitu hicho?" Hakuna aliyemjibu, na swali lake hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Jibu ni kwamba pengine hana.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba Marekani kila mtu hujibebea silaha apendavyo. Ni kweli kwamba katiba yao, kwa nyongeza iliyopitishwa mwaka 1791, inataja haki ya watu kuwa na silaha. Lakini haki hiyo haikutandikwa sawasawa juu ya kila aliyemo nchini. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ina orodha ya watu wasioruhusiwa kuwa na bunduki wala risasi. Yumo aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, yumo anayetumia dawa za kulevya, yumo aliyeingia au kubaki nchini bila idhini. Na yumo, jambo ambalo aghalabu halijulikani na wazazi wala na watoto wenyewe, mgeni aliyeingia kihalali kabisa kwa viza ya muda: mwanafunzi, mtalii, mgonjwa aliyefuata matibabu, mfanyakazi wa mkataba. Viza yake ni safi, karo imelipwa, na bado bunduki ni haramu kwake kisheria.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo, kwani neno lililotumika katika sheria hiyo halina maana ya kumiliki peke yake. Maana yake ni kuwa na kitu mikononi au chini ya mamlaka yako. Bunduki ya kukodi uwanjani, iliyoshikwa kwa nusu saa na kurudishwa kwa mwenyewe, yaingia humo. Risasi zilizosalia mfukoni zaingia pia. Mwenye uwanja naye huenda asiulize lolote ila kitambulisho na ada. Kutoulizwa kwako si ruhusa.

Zipo njia chache za halali. Mgeni wa viza ya muda aliye na leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo mojawapo la huko na ambayo haijaisha muda, au aliyeruhusiwa kuingia kwa ajili ya uwindaji au mashindano ya shabaha, hahesabiwi miongoni mwa waliokatazwa. Mwenye kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu naye hayumo katika katazo hilo, ingawa majimbo yana sheria zao na nyingine ni kali. Asiyekuwa na mojawapo ya hayo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Ilikuwa 10 hadi mwaka 2022, ilipoongezwa. Na baada ya kifungo huja kufukuzwa nchini, kwani sheria ya uhamiaji ya Marekani humfanya mgeni aliyetiwa hatiani kwa kosa la silaha kuwa mtu wa kuondolewa. Hapo hata mwenye kadi ya kijani hasalimiki.

Kuna kesi moja ambayo kila mzazi mwenye mtoto ughaibuni yafaa aijue. Hamid Rehaif, raia wa Umoja wa Falme za Kiarabu, aliingia Marekani kwa viza ya masomo ili asome katika chuo kikuu huko Florida. Masomo yakamshinda, alama zikashuka, chuo kikamwondoa. Chuo kilimwandikia kwamba hadhi yake ya uhamiaji ingekatizwa asipohamia chuo kingine au kuondoka nchini. Hakuondoka. Baadaye akaenda katika uwanja wa kulenga shabaha, akapiga bunduki mbili. Hakumlenga mtu, hakumtishia mtu, hakuiba. Alishtakiwa kuwa na silaha ilhali yumo nchini kinyume cha sheria, akapatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha miezi 18.

Hoja yake katika rufaa ilikuwa nyepesi kuieleza. Hakimu aliliambia jopo la raia waamuzi kwamba upande wa mashtaka haukulazimika kuthibitisha kwamba Rehaif alijua kuwa yumo nchini bila idhini. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na hakimu. Mwezi Juni mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ikasema la: ni lazima ithibitishwe kwamba mshtakiwa alijua ana silaha, na alijua pia kwamba yumo katika kundi la waliokatazwa. Hukumu ya awali ikatenguliwa.

Tumewasikia vijana wakiitaja kesi hii kana kwamba ni mlango uliofunguliwa. Si mlango. Kujua hadhi yako ni jambo moja, na kujua kwamba sheria yaikataza hadhi hiyo kushika bunduki ni jambo jingine. Mahakama ilizungumzia lile la kwanza. Mwanafunzi ambaye pasi yake ina muhuri wa viza ya masomo, na kila muhula hutakiwa kutunza karatasi zake, atamwambia nani kwamba hakujua yeye ni mwanafunzi wa kigeni? Na yule Rehaif, ushindi wake ulikuja baada ya kupita ngazi mbili za mahakama akiwa ameshindwa.

Basi picha ya bunduki begani, iliyotumwa kwa furaha ya Idi, ni ushahidi ambao mwenyewe ameupiga, akauwekea tarehe na kuusambaza.

Sasa tugeuze safari, kwani jamaa zetu hao nao hutujia. Mwezi wa Julai na wa Desemba nyumba zetu hujaa wageni kutoka Marekani, na baadhi yao wameishi huko miaka ishirini, wana kadi za kijani au uraia, na bastola ndani ya droo ni kawaida kwao kama ilivyo mbuzi ya kukunia nazi kwetu. Mazoea hayo husafiri pamoja na mizigo. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walikamata bunduki 6,737 katika mikoba ya abiria waliokuwa wakielekea kupanda ndege, nyingi zikiwa na risasi ndani, na udhuru uliozoeleka ni kwamba mwenyewe alisahau. Tena huko msafiri huruhusiwa kuweka bunduki katika mzigo unaokwenda chini ya ndege, ikiwa haina risasi ndani, imefungwa kwa kufuli na ameitangaza. Mtu akizoea hivyo, kisanduku cha risasi kikasalia katika mfuko wa pembeni wa begi, hatakikumbuka mpaka kitakapoonekana kwenye mashine ya ukaguzi Nairobi au Mombasa.

Hapa atakuta sheria nyingine kabisa. Katiba yetu ya mwaka 2010 haimpi mtu haki ya kuwa na silaha. Bunduki nchini Kenya ni idhini inayotolewa kwa cheti, na chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna aruhusiwaye kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti hicho. Mwombaji sharti aonyeshe sababu njema ya kuihitaji silaha, na kwamba kuwa nayo hakutahatarisha amani ya watu. Hata mwenye cheti hakai kitako: mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha za leseni wajitokeze wahakikiwe upya.

Adhabu haitofautishi mwenyeji na mgeni. Kuwa na bunduki ya kawaida au risasi zake bila cheti, sheria imeandika kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 10. Zikiwa ni zile silaha zilizopigwa marufuku, kifungo ni kuanzia miaka 7 hadi 15. Na kwa bunduki za kivita kama AK-47 na G3, bila leseni wala sababu halali, kifungo chaweza kuwa cha maisha. Risasi moja ni kosa kamili. Haihitaji bunduki kando yake. Mgeni atakaye kuleta silaha hana budi kupata kibali cha kuiingiza nchini kabla hajaileta. Asije akafikiri ataieleza kuwa ya kuwindia, maana uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwetu tangu mwaka 1977. Kabla ya kumkaribisha mgeni wa mbali, mwambieni atoe vitu vyote begini, atikise mifuko yote, ndipo apange nguo zake.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya wasafiri. Lakini jambo zito zaidi kwa wasomaji wetu liko ndani ya nyumba, nalo ni maana ya kuwa na kitu katika sheria zetu wenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 4, yasema kwamba kuwa na kitu si kukibeba mwilini tu. Ni pamoja na kujua kwamba kitu chako kiko mikononi mwa mwingine, au kukiweka mahali popote, pawe pako au si pako, kwa manufaa yako au ya mtu mwingine. Na watu wawili au zaidi wakiwa pamoja, mmoja wao akawa na kitu huku wengine wakijua na kuridhia, chahesabiwa kuwa mikononi mwa wote.

Mama na asome maneno hayo mara mbili. Kijana huja na mfuko usiku, akasema ni wa rafiki yake, akausukuma uvunguni. Mama akaona chuma. Akalia, akaomba dua, akanyamaza kwa huruma ya uzazi. Asiyejua hana kosa. Aliyejua na kuridhia yumo hatarini, na hapo swali mahakamani huwa ni kama ukimya wake ulikuwa ridhaa.

Hatuandiki haya kwa wepesi. Twajua kwa nini akina mama wa pwani hunyamaza: wamewaona vijana waliochukuliwa na wasirudi, na hawana imani kwamba mtoto akipelekwa kituoni atafika mahakamani. Hofu hiyo haikuzuka bure. Kwa hiyo asiende peke yake. Na amchukue wakili, au mzee wa mtaa anayeheshimiwa, au aanzie kwa mashirika ya haki yaliyoko hapa Mombasa kama MUHURI na Haki Africa, ndipo aende kituoni akiwa na mashahidi. Katiba, kifungu cha 49, yampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, ya kuwa na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya saa za mahakama. Mama akiyajua hayo kabla ya kuingia kituoni, huuliza maswali yaliyo sahihi.

Limebaki la mjane, ambalo watu huona haya kuliuliza katika eda. Mume alikuwa na bastola ya halali, cheti kina jina lake. Amefariki. Bastola imo kabatini na ufunguo anao mkewe. Cheti kile kilikuwa cha mtu, wala si cha nyumba, hakirithiwi. Mtoto wa kwanza akiichukua "aihifadhi", amekuwa na silaha bila cheti siku hiyo hiyo. Bastola kama mali imo katika mirathi, kwa hiyo thamani yake ni haki ya warithi: yaweza kuuzwa kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, na fedha zikagawanywa pamoja na mali nyingine, mke akipata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Kadhi ataigawanya thamani. Leseni hawezi kuitoa, wala mrithi hapaswi kuishika silaha kwa kungojea hukumu yake.

Lililo salama ni kutoigusa, na kumtuma ndugu wa kiume au mtu mzima mwingine wa kuaminika akatoe taarifa katika kituo cha polisi, ili maafisa waje wenyewe waichukue nyumbani. Hapo mjane hana haja ya kutoka edani. Siku watakapokuja, wahesabu risasi mbele yake, waandike nambari ya silaha, na wampe stakabadhi yenye jina la afisa na nambari ya OB. Karatasi hiyo na ikae pamoja na cheti cha kifo, mahali ambapo watoto wa nyumba hawafiki.