Kichujio kwenye lenzi pana: Kinga inayoweza kugeuka kasoro

WAPIGAPICHA wengi jijini Nairobi, wawe wa harusi, wa habari au wa nyumba za kupangisha, wana desturi moja. Lenzi mpya ikitolewa kwenye kasha, kitu cha kwanza kufungwa mbele yake ni kichujio cha kioo, ambacho wenyewe hukiita filta. Kikishafungwa, aghalabu hakitolewi tena hadi siku kinapovunjika.

Desturi hiyo ina msingi. Lenzi ni mali ya thamani, na kwa kijana anayejitafutia riziki kwa kamera moja na lenzi moja, mkwaruzo mmoja waweza kumaanisha kukosa kazi kwa miezi kadhaa.

Hata hivyo, lenzi za pembe pana, zile zinazotumiwa kupiga picha za majengo marefu, vyumba na makundi makubwa ya watu, haziingiliani na vichujio kwa urahisi kama lenzi nyinginezo. Kichujio kisicho na madhara yoyote kwenye lenzi ya kawaida chaweza kuacha pembe nyeusi, taa za uongo au doa zito angani pindi kinapohamishiwa kwenye lenzi pana. Ubaya ni kwamba mara nyingi kasoro hizo hugunduliwa wakati shughuli imekwisha na wageni wamekwenda zao.

Chanzo cha tatizo ni upana wenyewe. Kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 huona takriban nyuzi 40 kutoka kushoto hadi kulia. Lenzi ya milimita 24 huona nyuzi 74, na ile ya milimita 16 huona nyuzi 97, yaani zaidi ya pembe mraba. Jicho lililofumbuliwa kiasi hicho huona hata lisilotakiwa kuona: ukingo wa kichujio kilicho mbele yake, jua lililo pembeni, na sehemu za anga zenye nuru isiyolingana.

Vichujio vinavyotumiwa zaidi jijini ni vya aina mbili. Kuna kile cha kinga, ambacho ni kioo kitupu au kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, na kuna polaraiza, kioo cheusi kidogo kinachozungushwa kwa vidole ili kupunguza mng'ao na kukoleza rangi ya anga.

Kinga dhidi ya vumbi

Enzi za filamu, kichujio cha urujuanimno kilikuwa na kazi mbili. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko kama huo miale hiyo huwa na nguvu zaidi. Filamu iliiona, nayo picha za mandhari ya mbali zikapata ukungu wa rangi ya samawati. Kamera za kidijitali zina kioo kingine mbele ya kihisi kinachoizuia karibu miale yote hiyo. Kwa hivyo, kazi iliyobaki kwa kichujio hicho ni kinga tu.

Kinga yenyewe si jambo la kudharauliwa. Msimu wa kiangazi, vumbi jekundu la Kangemi, Kawangware na Dagoretti hutua kwenye kila kitu, na mpigapicha anayeipangusa lenzi kwa ncha ya shati huisugua kwa chembe za mchanga. Ni nafuu kukwaruza kioo kinachoweza kubadilishwa kuliko kukwaruza lenzi yenyewe. Aidha, baadhi ya lenzi huhitaji kichujio ili kuziba mianya ya mbele. Mfano ni lenzi ya Canon ya milimita 17 hadi 40 iliyozinduliwa mwaka 2003, ambayo mtengenezaji wake anashauri ifungwe kichujio ili izuie ipasavyo vumbi na maji.

Lakini kioo hicho si ngao dhidi ya kila pigo. Ni chembamba, na huweza kuvunjika kwa kishindo ambacho lenzi ingekistahimili, kisha vipande vyake vikaikwaruza lenzi iliyokusudiwa kulindwa. Kwa magongano ya kawaida, kama yale ya kwenye umati wa watu au ndani ya matatu, kikinga jua kigumu kinachofungwa mbele ya lenzi hufaa zaidi.

Kisha kuna suala la usiku. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru katika kila uso wake, na kwa kuwa kina nyuso mbili, jumla hukaribia asilimia 8. Kioo kilichopakwa matabaka kadhaa ya dawa hiyo hurudisha chini ya asilimia 1 kwa kila uso.

Tofauti hiyo haionekani mchana wa kawaida. Huonekana katika barabara ya Tom Mboya saa mbili usiku, wakati taa za matatu, za maduka na za barabarani zinapomulika kwa pamoja dhidi ya giza. Nuru ya taa huingia ndani ya kamera, ikagonga kihisi, ikarudi hadi kwenye kichujio, nacho kikairudisha tena ndani. Matokeo yake ni madoa ya nuru yaliyopinduka, kila moja likiwa upande wa pili wa picha mkabala na taa iliyolizaa. Kwa kuwa lenzi pana hukusanya taa nyingi katika picha moja, madoa nayo huwa mengi.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayofaa ni nyepesi: jua likiwa mbele ya kamera, au usiku wenye taa kali, kichujio cha kinga na kitolewe, kisha kirudishwe kazi ikiisha.

Pembe nyeusi

Kasoro ya pili hutokana na ukingo wa chuma unaoshika kioo. Polaraiza huwa na pete mbili, moja ikifungwa kwenye lenzi na nyingine ikizunguka, hivyo ni nene kuliko kichujio cha kinga. Kwenye lenzi ya milimita 16, pete hizo huingia ndani ya picha na kufunika pembe zake nne. Mpigapicha anayefunga polaraiza juu ya kichujio cha kinga huiongeza hatari hiyo maradufu, na katika picha ya ukoo mzima uliojipanga mbele ya kamera, watakaomezwa na giza ni wale waliosimama mwisho wa mstari.

Njia ya kujua mapema ni kupiga picha ya ukuta mweupe, lenzi ikiwa imepanuliwa hadi mwisho na tundu lake likiwa dogo, kwani tundu dogo huonyesha wazi zaidi kivuli cha ukingo. Pembe zikiwa nyeusi, kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kichujio chenye ukingo mwembamba. Ya pili ni kichujio kikubwa kuliko lenzi, kwa mfano cha milimita 82 kwenye lenzi ya milimita 77, kikifungwa kwa pete ya kuunganishia. Hata hivyo, kwa njia hii ya pili kikinga jua cha lenzi kwa kawaida hakitaweza kufungwa.

Kuna pia lenzi pana zenye kioo cha mbele kilichobenuka kama jicho la samaki, mathalani Nikon ya milimita 14 hadi 24 iliyozinduliwa mwaka 2007. Hizo hazina hata mahali pa kufungia kichujio cha kawaida.

Doa jeusi angani

Kasoro ya tatu ndiyo huwashangaza wengi, kwa kuwa haitokani na ubovu wa kifaa chochote. Hutokana na anga yenyewe.

Mawimbi ya nuru inayotoka kwenye jua hutikisika pande zote. Inapogonga kioo, maji au chembe za hewa, sehemu yake hubaki ikitikisika upande mmoja tu. Jambo hilo liligunduliwa na Mfaransa Étienne-Louis Malus mwaka 1808 alipochunguza nuru iliyoakisiwa na vioo vya madirisha jijini Paris. Mwaka uliofuata, mwenzake François Arago alibainisha kwamba nuru ya anga ya buluu nayo ina tabia iyo hiyo. Polaraiza huizuia nuru ya aina hiyo, na ndiyo maana anga hukolea rangi.

Lakini anga haina nuru hiyo kwa kiwango sawa kila mahali. Kiwango chake huwa kikubwa zaidi kwenye ukanda ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na hufifia kadiri mtu anavyolikaribia jua au anavyoelekea upande uliokabiliana nalo. Lenzi ya milimita 50 huona kipande kidogo cha anga, hivyo tofauti haijitokezi sana. Lenzi pana huumeza ukanda mzima pamoja na pande zake hafifu, na picha huonyesha mstari mweusi katikati ya anga nyeupe.

Kwa wakazi wa Nairobi, somo hili ni rahisi kulikumbuka kuliko kwa wa Ulaya, kwa sababu jiji liko takriban nyuzi 1.3 tu kusini mwa Ikweta. Mwaka mzima, jua huchomoza karibu na mashariki halisi na kutua karibu na magharibi halisi. Maana yake ni kwamba asubuhi na jioni ukanda huo hukatiza anga kutoka kaskazini hadi kusini.

Chukulia mpigapicha aliye juu ya jumba la KICC, lenye orofa 28, saa moja unusu asubuhi katika mwezi wa Januari wenye anga safi. Akielekeza lenzi pana kaskazini huku akitumia polaraiza, atapata nguzo nyeusi imesimama katikati ya picha. Aliyeko Karen naye, akielekea kusini magharibi ili kunasa vilima vya Ngong, atapata upande wa kushoto wenye buluu iliyokolea mno na upande wa kulia uliopauka.

Hali ni tofauti kwa anayesimama upande wa bustani ya Uhuru Park na kuyatazama majengo ya katikati ya jiji, yaliyo mashariki. Asubuhi jua humwangaza usoni, na tatizo lake ni madoa ya nuru. Jioni jua huwa mgongoni mwake, na polaraiza haifanyi lolote la maana kwa anga iliyo mbele yake. Karibu na saa sita na nusu mchana, jua likikaribia utosi, ukanda hushuka hadi karibu na upeo wa macho pande zote, na hapo anga hukolea kwa usawa kutoka kushoto hadi kulia. Lakini saa hizo vivuli vya majengo huwa vikali, na moshi na vumbi la jiji huipunguza nguvu ya polaraiza.

Mnamo Julai, mawingu mazito yanapoifunika Nairobi kuanzia asubuhi, polaraiza haibadilishi rangi ya anga hata ikizungushwa vipi. Inachofanya ni kupunguza nuru inayoingia kwenye kamera, kwa kiasi cha nusu au hata robo tatu yake, jambo linalolazimu kasi ndogo ya kupiga picha na kuzua hatari ya picha zenye ukungu.

Inapofaa

Haya hayamaanishi kwamba polaraiza haina nafasi kwenye lenzi pana. Nafasi yake kubwa iko chini ya upeo wa macho. Katika bustani ya miti ya Arboretum karibu na Kileleshwa, iliyoanzishwa mwaka 1907, majani yaliyolowa mvua hung'aa weupe unaoficha rangi yake. Polaraiza huuondoa mng'ao huo na kuirudisha rangi ya kijani, bila anga kuhusika. Ndivyo ilivyo pia kwa lami iliyolowa, maji ya kidimbwi na rangi ya magari.

Kwa vioo vya majengo, kama vile minara ya Westlands, tahadhari inahitajika. Mng'ao wa kioo huondoka vyema pale nuru inapokigonga kwa takriban nyuzi 56 kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wake. Lenzi pana huyatazama madirisha ya jengo moja kwa pembe nyingi tofauti, hivyo baadhi huwa meusi huku mengine yakiendelea kung'aa. Vioo vilivyopakwa madini ili viwe kama kioo cha kujitazamia haviathiriki sana, na mng'ao wa chuma kitupu hauondoki.

Anayenunua polaraiza iliyotumika, katika maduka ya Luthuli Avenue au kwingineko, anaweza kuijaribu mbele ya skrini ya kompyuta ya aina ya LCD. Uso wa mbele wa kichujio uelekezwe kwenye skrini, kisha kizungushwe. Ikiwa ni polaraiza halisi, skrini itakuwa nyeusi na kurejea hali yake. Kwa kichujio cha kinga, kitazamwe kikiakisi taa: mng'ao mweupe mkali ni dalili ya kioo kitupu, ilhali mng'ao hafifu wa kijani au zambarau ni dalili ya kioo kilichopakwa dawa.

Kwa ufupi, kwenye lenzi pana kichujio si vazi la kudumu. Kivaliwe palipo na vumbi na kivuliwe palipo na taa. Polaraiza nayo itumiwe kwa majani na maji kabla ya kutumiwa kwa anga, na picha ya majaribio ikaguliwe kwenye pembe zake nne kabla ya bibi harusi kuitwa mbele ya kamera.