Kinshasa–Lubumbashi: masaa mawili na robo angani, lakini saa yako inaweza kukudanganya

Wandugu, ninyi mnaozunguka na dosye mkononi kutafuta kazi, hii ni yenu.

Mwaka jana nilikuwa Kinshasa, kwa yaya. Wakaniita Lubumbashi kwa mtihani wa kazi, mradi mmoja wa mbegu, saa 13:30. Mama akauza mahindi ya akiba ili nipate tiketi. Yaya akaniambia: ndege inatoka saa 10:00, inatumia masaa mawili na dakika 15. Nikahesabu: saa 12:15 niko chini. Muda uko mwingi.

Hesabu ile haikuwa ya uongo, tuifanye pamoja. Uwanja wa N'djili uko karibu digrii 4.4 kusini na 15.4 mashariki. Luano iko 11.6 kusini na 27.5 mashariki. Tofauti ni digrii 7.2 kwenda kusini na 12.1 kwenda mashariki. Digrii moja kusini ni kilometa 111. Ya mashariki, kwa upande wetu, ni kama 110. Inatoa kilometa 800 na 1,331. Tia ile Pitagora ya sekondari: karibu kilometa 1,550. Kwa barabara inapita 2,000, sababu barabara inazunguka. Ndege inakimbia kama kilometa 800 kwa saa, basi karibu masaa mawili. Ongeza kutembea kwenye piste, kupanda na kushuka: masaa mawili na robo.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Kongo yetu iko na saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya Greenwich. Lubumbashi iko masaa mawili mbele, sawa na Goma na Bukavu. Jua linatufikia kwanza sisi wa mashariki. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo zile digrii 12 ni karibu dakika 48 za jua. Kwenye saa rasmi inakuwa saa nzima.

Nikatua saa 13:15 ya Lubumbashi. Simu yangu ilionyesha 12:15, sababu nilikuwa nimefunga saa ya otomatiki. Nikangoja valizi pole pole, nikabishana bei na mtu wa taksi. Kufika pale, mlinzi akaniambia: «Ndugu, wenzako wameanza zamani.» Sikuingia. Kumpigia mama usiku ule, njo ilikuwa mtihani wenyewe.

Basi shikeni hii: kwenye tiketi, saa ya kutoka ni ya mji unaotoka, saa ya kufika ni ya mji unaofikia. Kwenda Lubumbashi itaonekana masaa matatu na robo. Kurudi, saa moja na robo. Ndege ni ile ile, njia ni ile ile. Geuza saa yako mbele ya kupanda. Na kama feza inaruhusu, safiri siku moja mapema.

Mwenye kuwa na rafiki anayesafiri wiki hii, amutumie.