Tovuti nyingi ndani ya kompyuta moja ya nyumbani: Pweto inaweza?

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima. Ilirudi Januari 2019, karibu siku 20 baadaye. Wakati ule, tangazo la shule ya jirani, kama liliwekwa kwenye tovuti, halikufunguka. Sababu ni kwamba tovuti nyingi za Wakongo zinakaa ndani ya mashine za Ulaya ao Marekani. Mtu wa Pweto anayetaka habari ya Pweto, simu yake inaenda kuiomba ng'ambo.

Lakini tovuti inaweza kukaa hata nyumbani. Tovuti ni mafaili tu, na seva ni kompyuta inayobaki macho usiku na mchana, ikingoja kuombwa mafaili hayo.

Sasa namna gani mashine moja inabeba tovuti ya shule, ya kituo cha afya na ya redio bila kuzichanganya? Ni kama lupango moja lenye familia tatu na mlango mmoja. Mgeni anapiga hodi, anataja jina la anayemtafuta, na mlinzi anamwonyesha nyumba. Zamani kila tovuti ilihitaji namba yake ya mtandao. Tangu 1997, kanuni ya HTTP 1.1 inadai kila ombi litaje jina la tovuti. Kazi ya mlinzi inafanywa na programu za bure kama Apache na Nginx.

Mashine yenyewe haihitaji makuta mengi. Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ina ukubwa wa kadi ya mpiga kura. Shida kubwa ni umeme. Tukikadiria kwamba kompyuta hiyo pamoja na ruta zinakula wati 15, kwa saa 24 ni wati-saa 360. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1200, lakini haifai kuimaliza kupita nusu. Basi inatosha siku moja na nusu bila jua, kisha paneli ya sola lazima ijaze tena.

Shida ya pili ni anwani. Namba za mtandao za zamani ni karibu bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi. Kwa hiyo kampuni za simu mara nyingi zinaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Wewe unatoka kwenda intaneti, lakini mtu wa Lubumbashi hawezi kukubishia hodi. Hapo ni kuomba namba yako mwenyewe kwa kampuni, ao kukodi njia ya kupitia kwenye seva ya nje.

Kwa watu wa hapo hapo, haiko lazima kutoka nje. Ruta yenye antena inaweza kuunganisha simu za shule na za majirani na seva, mradi ruta ifundishwe majina ya tovuti zile. Mtaani Kibera, Nairobi, mtandao wa jamii wa TunapandaNET unaunganisha shule, na wanafunzi wanafungua masomo yaliyowekwa kwenye seva ya hapo bila kununua mega. Huku mashariki mwa Kongo, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilipata mtandao wake wa jamii, Pamoja Net, mwaka 2016.

Kuko hatari pia. Mashine moja ikifa, tovuti zote zinalala pamoja. Kwa hiyo nakala ya mafaili ibaki fasi ingine, nje ya nyumba ile, na irudiwe kila juma. Neno la siri liwe refu, na programu zifanyiwe mapya mara kwa mara, maana seva inayofikika toka nje inajaribiwa na wezi kila siku.

Seva ya nyumbani haiwezi kurudisha intaneti ikikatwa. Mtu wa mbali atabaki nje. Lakini mama wa Pweto anayetafuta siku ya chanjo ataipata, kwa sababu jibu liko ng'ambo ya barabara, haliko ng'ambo ya bahari.