Kuitafuta Kasanga: Kitabu cha Karatasi na Matini ya Kidijitali katika Utafiti wa Ufipa

Mtafiti anayeandika jina "Kasanga" katika maktaba ya mtandaoni hupata machache kuliko yaliyomo. Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Wakati wa utawala wa Wajerumani, bandari hii ya kusini mwa Ziwa Tanganyika iliitwa Bismarckburg, na jina hilohilo lilikuwa la kituo chao kingine huko Togo. Utafutaji huyachanganya mawili hayo. Msomaji aliyekwisha kushika juzuu linalohusu Afrika Mashariki hapatwi na tatizo hilo.

Sababu ya pili ni ya kimaandishi, nayo yastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Machapisho mengi ya Kijerumani ya wakati huo yalichapwa kwa herufi za Fraktur, ambamo s ya katikati ya neno huweza kuwa na umbo refu, ſ, linalokaribiana sana na f. Programu inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi ikikosea, Kaſanga huwa "Kafanga". Jicho la binadamu hulisahihisha kosa hilo kwa muktadha, bila hata kusita. Utafutaji haulisahihishi, wala haumjulishi mtafiti kwamba kuna kilichoachwa. Kimya chake huchukuliwa kuwa ithibati kwamba chanzo hakipo. Ni busara, basi, kutafuta pia "Kafanga", ingawa hakuna kamusi ya majina ya mahali itakayomshauri mtu kufanya hivyo.

Majina ya lugha nayo yana utata wake. Katika uainishaji wa Guthrie, Kifipa ni M13, Kirungu M14 na Kimambwe M15. Mwambao wa Kasanga ni nchi ya Walungu, ambao jina lao huandikwa kwa l au kwa r. Kifipa nacho huandikwa Fipa, pengine Ichifipa. Kitabu cha Roy Willis cha mwaka 1966 kuhusu Wafipa na jamii zinazohusiana nao huwaweka majirani hawa katika juzuu moja. Anayekisoma kwa kufunua kurasa hukutana na Walungu hata kama hakuwakusudia, ilhali anayeruka kutoka tokeo hadi tokeo hupata tu alichojua kukiuliza.

Hata hivyo, hoja hii isitufanye tukitukuze kitabu cha karatasi. Vitabu vya aina hii hukaa zaidi katika maktaba za vyuo vikuu, mbali na Rukwa, na kwa mwanafunzi aliyeko Sumbawanga nakala ya kidijitali mara nyingi ndiyo pekee anayoweza kuifikia. Kinachotia shaka ni desturi ya kutaja chapa ya karatasi katika marejeleo ilhali kilichosomwa ni vipande vya kurasa vilivyoletwa na utafutaji. Mwandishi anapodai kwamba jambo fulani kuhusu Kasanga halikuandikwa, msomaji ana haki ya kuelezwa ni nakala ipi iliyotumika na ni tahajia zipi zilizojaribiwa.