Saa ya Mtumba na Uhai Uliobaki

Kila mwezi wa Mei, wapenzi wa redio humiminika Xenia, Ohio, kwenye maonyesho ya Hamvention. Kwenye gulio la nje, katikati ya antena na mafungu ya nyaya, bahati ikiwepo utaona saa ya usahihi wa hali ya juu: sanduku la chuma lililostaafishwa na maabara au kampuni ya simu. Masanduku mengi ya aina hiyo hayana hata uso wa saa. Kazi yake ni kutoa mawimbi milioni 10 kila sekunde bila kuyumba, vyombo vingine vipimwe kwayo.

Wanunuzi wake wanajua kwamba umri hapa una sura mbili. Fuwele ya kwatsi iliyofungiwa ndani ya kijitanuri, kama ile ya HP 10811, huzidi kutulia kadiri inavyokaa kwenye umeme. Iliyofanya kazi miaka mingi yaweza kuishinda mpya, kwa hiyo mjuzi haogopi vumbi.

Saa ya atomi za siziamu haina bahati hiyo. HP 5061A, mzigo wa karibu kilo 30 ulioanza kuuzwa miaka ya 1960, ina mrija wa ombwe ambamo atomi hutoka kwenye kijitanuri na kupita katika mawimbi ya redio. Ni atomi hizo ambazo tangu 1967 zinaifafanua sekunde yenyewe: mitetemo 9,192,631,770. Lakini siziamu huisha, na mrija mpya una bei ya kukufanya uliache sanduku palepale. Tena likikaa stoo miaka bila umeme, ombwe huharibika taratibu. Ukinunua mtandaoni basi, picha ya sanduku linalong'aa haitoshi. Omba picha ya mita ya mbele likiwa limewashwa, swichi ikiwa kwenye mkondo wa atomi, kisha kwenye pampu ya ombwe. Na muuzaji anayeandika "halijajaribiwa", aghalabu ameshajaribu.

Wenye mfuko mwepesi huangukia saa ya atomi za rubidiamu. Aina ya LPRO iliyong'olewa kwenye mitambo ya simu inaenea kiganjani, inataka volti 24, na baada ya dakika chache imeshatulia. Taa yake nayo huchakaa. Hata hivyo, ikikosea sehemu moja katika bilioni 100, itachukua zaidi ya miaka 3,000 kupotea sekunde moja.

Ni nani anayehitaji usahihi huo sebuleni? Hakuna, na ndio utamu wenyewe. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizungusha saa za siziamu duniani kwa ndege za abiria kuipima nadharia ya Einstein, kwamba mwendo na mvutano wa dunia hubadilisha kasi ya wakati. Mwaka 2005 mpenzi mmoja wa saa huko Marekani alipakia tatu garini pamoja na watoto wake, wakapanda mlima Rainier na kukaa huko siku mbili hivi. Waliporudi, saa zilikuwa zimezitangulia zilizobaki nyumbani kwa takriban nanosekunde 22. Watoto nao, bila shaka, walikuwa wamezeeka zaidi kwa kiasi hichohicho.